Kesi ya Gawanya Utawale

Siku nilipokabidhi ufunguo wa kabati la kadi, Rehema aliniambia, "Mama Leokadia, usiondoke na maneno tumboni. Andika." Nikamwuliza niandike nini, maana kazi yangu miaka yote ilikuwa kukata walichoandika wengine. Akasema niandike hayohayo. Basi naandika. Mkiona sentensi imezidi urefu, kateni; niliwafundisha wenyewe.

Vyeo sitavieleza. Katika nyumba yetu ya uchapishaji cheo kilimaanisha kiti chenye mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa umelegea.

Kazi yetu ilikuwa kamusi elezo, yaani kile kitabu kikubwa kinachoeleza mambo ya dunia kwa Kiswahili, kuanzia A hadi Z, cha kuwekwa shuleni na maktabani. Neno linalobeba maelezo, lile la wino mzito pale mwanzoni, tunaliita kidahizo. Watu wa nje hudhani kazi ngumu ni kuandika maelezo. La hasha. Kazi ngumu ni kuamua kipi kiwe kidahizo chenye mahali pake, na kipi kikae kimya ndani ya maelezo ya mwenzake. Kwa jambo hilo nimegombana na watu wazima wenye ndevu na shahada kuliko nilivyogombana na mume wangu ndoa nzima.

Ofisi ilikuwa Pasiansi, karibu na Ziwa Viktoria, nyumba ya kupanga ambayo sebule yake ndiyo ilikuwa chumba cha uhariri na bafu lake ndilo ghala la karatasi. Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Bwire, mhariri mkuu, Mjita mrefu aliyeinama kidogo kwenye kila mlango, hata ule uliomzidi urefu. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa akanipa kadi yenye neno moja: Furu.

"Samaki huyu mdogo," akasema, "apewe kidahizo chake au aingie ndani ya Samaki?"

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na majibu tele. "Aingie ndani ya Samaki, Mzee. Ni mdogo."

"Kwa hiyo na sisimizi tumtie ndani ya Tembo?"

Akanituma mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, nikaulize. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinicheka, kisha akaniketisha. Akanieleza kwamba furu si mmoja: kuna anayekula konokono, kuna anayekula majani, kuna anayebeba watoto wake mdomoni. Nilirudi ofisini nanuka samaki hadi kwenye nywele, nikasema furu apewe chake. Mzee Bwire akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejua tangu asubuhi, ndipo akanipa maswali yake. Je, watu watalitafuta neno hili? Je, wapo waliokwisha kuandika juu yake bila sisi kuwaomba? Na je, likihamia kwa jirani litabanwa? Hilo la mwisho, alisema, ndilo litakalonipa shida. Alisema kweli.

Vifaa vyetu vilikuwa kadi, kalamu nyekundu, gundi na wembe wa kukwangua wino. Kompyuta zilipokuja, Mzee Bwire alizikaribisha kama mtu anavyomkaribisha mkwe, kwa heshima na kwa mbali. Ila alikataa kutupa kadi. "Umeme ukikatika," alisema, "kadi inasomeka dirishani." Na umeme ulikatika mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyembishia.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuja kwa miguu. Alikuja diwani mmoja na kreti ya soda, akitaka yeye mwenyewe awe kidahizo. Mzee Bwire hakumfukuza. Alimwuliza maswali yale kwa upole, na alipofika kwenye la pili, "Je, yupo aliyekwisha kuandika habari zako bila wewe kumwomba?" diwani aliwaza sana, akajibu kwa unyofu, "Mke wangu wa kwanza. Mahakamani." Soda tulizinywa. Kidahizo hakupata.

Mzee Bwire alipofariki niliachiwa kile kiti, na pamoja nacho niliachiwa Mwalimu Ndaki. Huyu alikuwa mhariri wa historia. Alifundisha sekondari maisha yake yote kabla ya kuja kwetu, na sauti yake haikuwahi kujua kwamba imeshaondoka uwanja wa gwaride. Ukimwomba chumvi, jibu linasikika kwa jirani. Nilimpenda, kwa sababu hakuna kosa la tarehe lililompita. Nilimwogopa pia, kwa sababu hakuna jambo lolote lililompita bila kusemwa.

Rehema alikuja baadaye, msichana wa Sengerema mjini, mtoto wa fundi cherehani, amesoma sayansi ya kompyuta. Tulimpa sehemu ya kompyuta, ambayo mpaka hapo ilikuwa na vidahizo vichache vya aibu, kimojawapo kikisema kipanya ni "panya mdogo, pia kifaa". Alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Wiki yake ya kwanza alimwuliza Ndaki, kwa adabu zote, kwa nini kila makala ya historia inaanza na neno "Mnamo". Nasikia Ndaki alikwenda nyumbani akahesabu.

Siku moja Rehema akaleta mezani kidahizo kipya: Gawanya Utawale.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo kesi ilipoanzia. Kompyuta hufanya kazi kwa kufuata hatua zilizopangwa mpaka zifikie jibu. Mpangilio huo wa hatua huitwa algoriti. Sasa, zipo algoriti nyingi zenye tabia moja: tatizo likiwa kubwa, unaligawa vipande, unatatua kila kipande, kisha unaunganisha majibu kuwa jibu moja. Watu wa kompyuta wameipa tabia hiyo jina la Gawanya Utawale. Rehema alikuwa ameiandika vizuri, na mfano wa kupanga madaftari ya darasa.

Ndaki alisoma kichwa tu. Miwani ikashuka puani.

"Jina hili lina mwenyewe."

"Shikamoo, Mwalimu," Rehema akasema, maana walikuwa hawajaamkiana.

"Marahaba. Jina hili lina mwenyewe. Gawanya Utawale ni siasa ya mkoloni. Ipo kwenye kitabu chetu. Nimeiandika mimi."

"Najua, Mwalimu. Hii ni istilahi ya kompyuta."

"Istilahi! Babu yangu aliwekewa mtemi asiyemjua kwa istilahi hiyohiyo!"

Kokugonza, au Koku, mpiga chapa wetu, Mhaya asiyependa kelele kabla ya chai, akafunga dirisha ili tusiwape majirani historia ya bure.

Mimi nilikuwa na shaka nyingine. Jina halikunisumbua, maneno mawili yanaweza kufanana kama pacha na kila mmoja akawa na mke wake. Kilichonisumbua ni swali la tatu la Mzee Bwire. Tayari tulikuwa na kidahizo cha Algoriti, na kingine cha Upangaji. Hii Gawanya Utawale si algoriti yenyewe, ni tabia ya algoriti. Je, tabia inapewa kidahizo? Tukianza hivyo, kesho mtu ataleta Uvivu wa Paka. Nikasema iwe aya moja ndani ya Algoriti.

"Itabanwa, Mama," Rehema akasema. "Ukiiweka ndani ya Upangaji, watu watadhani ni ya kupanga vitu tu, na mimi nimekuta inatumika hata kuzidisha namba kubwa. Ukiiweka ndani ya Algoriti, itapata mistari miwili na mfano utakatwa. Mimi kilichonileta kwenye kompyuta ni jambo hili. Siku mwalimu alipolieleza, nilielewa kwamba tatizo kubwa ni matatizo madogo yaliyokaa pamoja."

"Aya nzuri inatosha kwa hilo," nikasema.

Akanitazama. "Basi na mimi nitoeni, Mama. Mnifanye aya ndani ya mtu mwingine."

Hakupandisha sauti. Nilijua kwamba kuna kampuni Dar iliyokuwa ikimwita, kwa kazi yenye kiti cha kuzunguka. Nilijua pia kwamba akiondoka, kipanya kitarudi kuwa panya mdogo. Lakini mhariri hawezi kutoa kidahizo kama pipi ya kumbembeleza mtoto. Nikasema tutaamua tukishahama.

Maana tulikuwa tunahama. Mwenye nyumba wa Pasiansi alitaka nyumba yake, tukapata vyumba viwili Buzuruga, karibu na stendi. Tulikodi guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, tukapakia meza, kompyuta, na masanduku ya kadi za Mzee Bwire juu kabisa, kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Pale stendi dereva alikwepa mbuzi, masanduku yakashuka yenyewe, na maarifa ya dunia yakatawanyika kati ya mabasi.

Sitasahau watu wa Buzuruga. Abiria waliteremka, wapiga debe waliacha kupiga debe, wauza karanga waliweka sinia chini, wote wakaokota. Mpiga debe mmoja alishika kadi juu na kunadi, "Mamba! Mamba ya nani hii?" Mama mmoja alirudisha kadi ya Ndoa akasema ameisoma na haina ukweli. Tulipata karibu zote. Tatizo ni kwamba zilikuwa zimechanganyika kama mchele na maharage.

Ofisi mpya, sakafuni, mlima wa kadi. Ndaki akasema itachukua mwezi. Rehema akakunja mikono ya gauni lake.

"Tugawane," akasema.

"Nilijua," akasema Ndaki.

"Tupo wanne. Kila mtu achukue robo. Robo yako ikikushinda, igawe tena, panga vifungu vidogo, uviunganishe. Tukimaliza, fungu langu na la Mama tunayaweka ubavu kwa ubavu. Unatazama kadi ya juu huku na ya juu kule, inayotangulia kialfabeti unaichukua. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna kutafuta tena."

"Mimi nitapanga," Ndaki akatangaza, "lakini sitawaliwi."

Tulikaa chini kama wanawali unyagoni. Na kazi ilikwenda! Nakiri nilifurahi. Koku alikuwa na vifungu vyake kama sahani za kantini. Ndaki alipanga huku akisoma kila kadi kwa sauti na kutukana walioziandika. Baada ya chakula cha mchana siku ya pili kila mtu alikuwa na fungu lake limenyooka, na Rehema akaanza kuunganisha, uso unang'aa.

Lile langu na lake yaliungana kama maziwa na chai. Akaja kwenye lile la Ndaki na la Koku. Alichukua kadi, akachukua nyingine, akasita. Akarudi nyuma. Akatazama tena.

"Mwalimu," akasema, "kwa nini Shaba ipo baada ya Swala?"

"Itakuwa wapi? SH ni sauti moja, si S na H. S zote ziishe, ndipo SH ianze. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa."

"Na wewe Koku, mbona Ziwa Viktoria lipo kwenye V?"

"Si linaitwa Viktoria?" Koku akasema. "Ziwa ni kazi yake tu. Wewe Rehema tukuweke kwenye M ya Mhariri?"

Mito yote ilikuwa hivyo, na milima. Kila fungu lilikuwa limenyooka kabisa, kila moja kwa sheria yake, na yalipounganishwa yalitoa kitu ambacho si alfabeti ya taifa lolote. Siafu alikaa mbele ya Sato. Simiyu ilitokea pasipo na mto. Rehema aliendelea kidogo kwa ukaidi, kisha akaweka kadi chini. Macho yalikuwa yamejaa.

Ndaki alisimama na kupiga makofi. "Umeona? Umegawa, na umeshindwa kutawala!" Alicheka mpaka akakohoa. Koku akamletea maji. Akanywa, akatutazama, na taratibu kicheko kikamtoka. Akaketi kwenye sanduku tupu.

"Hebu sema tena zile hatua," akamwambia Rehema.

"Unagawa," Rehema akasema bila kuinua uso. "Unatatua kila kipande. Unaunganisha."

"Hiyo ya kuunganisha ni lazima?"

"Bila hiyo hakuna jibu, Mwalimu. Kuna vipande tu. Na hapo ndipo tumeharibu. Kugawa tumegawa vizuri."

Ndaki aliokota kadi moja, akaigeuza mbele na nyuma. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Basi huyu si yule. Mkoloni hakuwa na hatua ya tatu. Aligawa, akatawala, akaishia hapo. Kuunganisha tuliunganisha wenyewe, tena kwa taabu." Akanigeukia, na sauti ikarudi gwarideni. "Mama Leokadia! Nakataa hawa wawili wakae nyumba moja! Mtoto akisoma, atadhani mkoloni alikuwa anatatua tatizo! Kila mmoja apewe kidahizo chake, na katikati pawe na ukuta!"

Rehema aliinua uso. Nadhani hakuelewa mara moja kwamba adui yake ndiye wakili wake.

Mimi sikuamua kwa sababu ya kelele. Niliamua kwa sababu ya zile kadi. Nilikumbuka maelezo yetu ya Upangaji, neno kwa neno, maana niliyahariri mimi. Hayakuwa na mstari hata mmoja wa kutuonya kuhusu kilichotupata. Tulijua kupanga wote wanne. Tusichojua kilikuwa kugawana kazi na kuirudisha pamoja, na hilo halikuwa na mahali popote katika kitabu chetu. Likihamia kwa jirani litabanwa. Nikasema kidahizo kipite, na Rehema aongeze sentensi moja: kwamba vipande vyote vitatuliwe kwa kanuni moja, la sivyo muungano hautasimama. Aliiandika palepale, juu ya goti, amekaa katikati ya kadi.

Kabla ya kupanga upya ilibidi tukubaliane kanuni hiyo moja. Ndaki aliachia SH. Aliachia DH na TH. Tulipofika NG' alikataa katakata.

"Ng'ombe akae baada ya Ngoma?"

"Ndivyo herufi zinavyosema, Mwalimu."

"Herufi hazijaoa Usukumani! Ng'ombe hutangulia, ngoma hufuata!"

Alishindwa kwa kura, na mpaka leo anahesabu kwamba hakushindwa.

Kitabu kikatoka. Kulikuwa na Gawanya Utawale (kompyuta), na baada yake, kwa kuwa K hutangulia S, Gawanya Utawale (siasa). Rehema hakwenda Dar. Hakusema kwa nini, nami sikumwuliza. Niliona tu ameleta mto wake wa kukalia ofisini.

Tukadhani yamekwisha. Ikapigwa simu kutoka Sengerema, mwalimu wa historia wa shule moja ya sekondari, amekasirika mpaka simu inatetemeka. Nusu ya darasa lake walikuwa wamesoma kidahizo cha kwanza tu, wakaandika kwamba mkoloni alipofika alikuta tatizo kubwa, akaligawa vipande, akatatua kila kipande, kisha akaunganisha majibu. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameongeza kwamba mkoloni alihakikisha vipande vyote vinafuata kanuni moja. "Mmeniharibia watoto," mwalimu akasema. "Hicho kitu cha kompyuta kitoeni."

Ndaki alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Akanipokonya simu. "Mwalimu mwenzangu," akasema, "hakitoki. Nakuja."

Tukapanda kivuko asubuhi, Ndaki, Rehema na mimi, ikiwa safari yangu ya mwisho ya kikazi. Njia nzima Rehema alijaribu kumweleza jinsi ya kufundisha somo lile. Ndaki alikuwa akimjibu, "Nimefundisha kabla hujazaliwa." Tulipofika darasani hakumruhusu hata kusalimia kwa kirefu. Alimketisha nyuma pamoja nami na mwalimu wa historia, ambaye alikuwa bado amekunja uso na mikono.

Ndaki alikusanya madaftari yote, akayachanganya mezani kama karata, akayagawa kwa safu za madawati. Akawapangia kanuni, akaiandika ubaoni, akaipigia mstari. "Kanuni moja!" alinguruma. "Nani ana kanuni yake? Hakuna!" Safu zikapanga. Zikaunganisha mbili mbili, watoto wakipiga kelele, "Yangu inatangulia! Yangu!" mpaka ikabaki safu moja ndefu ya madaftari mezani, imenyooka kama reli, kuanzia Anjelina hadi Zuhura. Darasa likashangilia. Hata mwalimu wa historia aliachia mikono.

"Sasa niambieni," Ndaki akasema. "Mkoloni alifanya hivi?"

"Hapanaaa!"

"Hakufanya nini?"

"Hakuunganishaaa!"

Rehema alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya ushungi. Nilidhani anacheka. Hakuwa akicheka tu.

Watoto wakarudishiwa madaftari waandike. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Hii ya kompyuta itatoka kwenye mtihani wa historia?"

"Haitatoka."

Madaftari yakafungwa. Yote, kwa pamoja, kwa sauti moja.

Nimefanya kazi na Mwalimu Ndaki muda mrefu na nimeziona hasira zake za kila aina, lakini ile sikuwa nimeiona. Mshipa wa shingo ulisimama. "Fungueni!" Kioo cha dirisha kikalia. "Nani aliwaambia kisichotoka kwenye mtihani hakistahili kuandikwa? Nani?"

Madaftari yakafunguliwa. Ndaki akageukia ubao, akaandika kwa herufi kubwa, GAWANYA UTAWALE. Chaki ikakatika, akachukua nyingine, akaongeza pembeni, kwenye mabano, neno kompyuta.

Msichana yule aliandika, kisha akainua mkono tena, safari hii kwa woga. "Na ile ya mkoloni, Mwalimu? Tuiandike hapahapa chini?"

"Hapahapa chini?" Ndaki alimsogelea, akainama kulitazama daftari lake, na kwa kidole chenye chaki akamfunulia jani jipya. "Hii ina ukurasa wake, binti yangu. Na ile ina wake."